Chanjo Hai, Chanjo Mfu: Kuua Kirusi Sawasawa Si Kazi Ndogo, na Inakuhusu Wewe Mwenye Banda

Swali linalorudi kwangu zaidi siku hizi, kwa simu na hata tukikutana gulioni Kibiti, ni hili: "Afisa, hiyo chanjo ni hai au imekufa? Maana nimeambiwa ile hai ndiyo inaleta ugonjwa." Wa mwisho kuniuliza ni kijana wa hapa Mtawanya mwenye kuku chotara 600, walionunuliwa kwa mkopo wa kikundi kutoka halmashauri. Kuku 600 si mchezo. Mdondo ukiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa unaweza kuondoka na karibu wote ndani ya wiki moja, na mkopo utabaki pale pale. Kwa hiyo swali lake si la udadisi tu, ni la pesa.

Jibu fupi ni kwamba hai na mfu zote zina kazi zake, na zote zikitengenezwa au kutumiwa vibaya zinaleta hasara. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu kuamua akiwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Ndiyo maana leo nataka tupite kwenye historia kidogo. Hiki nilichojifunza kuhusu namna virusi vinavyouawa kiwandani kimenisaidia zaidi kushauri wafugaji kuliko karatasi nyingi za maelekezo.

Tuanze na njia zenyewe. Mtengenezaji wa chanjo ya virusi ana njia tatu kubwa. Anaweza kukiua kirusi kwa dawa, mwili wa mnyama ukaona mzoga wake na kujifunza kumtambua adui. Anaweza kukidhoofisha, yaani kukipitisha mara nyingi kwenye wanyama au seli ambazo si makazi yake ya kawaida mpaka kisahau ukali wake. Au anaweza kutafuta kirusi ambacho tangu kuzaliwa kwake ni mpole, kikatumika kama kilivyo. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuku wetu, tutafika.

Wazo la kuchanja wala si la kuletewa na wageni. Kuna jamii za wafugaji Afrika, Wamaasai wakiwemo, waliokuwa wakichukua kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa kwa homa ya mapafu na kukipachika chini ya ngozi ya pua ya ng'ombe mzima. Ugonjwa ule unaletwa na bakteria, si virusi, lakini akili ni ile ile: mpe mnyama adui kidogo, mahali ambapo hatamuumiza sana, ajifunze. Wengine walipona na kukingika, na wengine waliumwa vibaya. Walijua kabisa kuwa ni kamari.

Hesabu ya kuua

Mwaka 1925 Wafaransa watatu, Vallée, Carré na Rinjard, walionyesha kwamba kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo kikitiwa formalini kinaweza kumkinga ng'ombe bila kumuumiza. Formalini ni ile ile inayohifadhi maiti hospitalini. Inashikana na protini za kirusi na kuzikaza. Ukiweka kidogo na kwa muda mfupi, kirusi kinabaki hai. Ukiweka nyingi au kwa muda mrefu mno, unaharibu hata lile umbo ambalo mwili ulitakiwa kulitambua, na chanjo inakuwa maji ya bure. Nafasi ya kupata sawasawa ipo katikati, na ni nyembamba.

Sasa hapa naomba uchukue kalamu. Tuseme kuna tangi la lita 1,000 na kila mililita ina virusi milioni 10. Tangi zima lina virusi trilioni 10. Tuseme dawa yetu inaua 9 kati ya kila 10 kwa saa. Saa ya kwanza inabaki trilioni 1. Saa ya pili, bilioni 100. Unakwenda hivyo hivyo, ukikata sifuri moja kila saa. Baada ya saa 10 vimebaki 1,000 tu kwenye tangi zima, sawa na kirusi 1 kwa lita. Ukichota mililita 10 kwenda kupima, uwezekano wa kukipata kirusi hai ni kama 1 kati ya 100. Kipimo kitasema safi, mkubwa wa kiwanda atafurahi, lori litapakia. Na ndani ya mzigo ule mna virusi hai 1,000.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kwa chanjo ya miguu na midomo hauridhiki na kipimo kusema safi. Unataka sampuli zichukuliwe wakati kazi inaendelea, mstari uchorwe, na mstari uonyeshe kwamba mwisho wa kazi kutakuwa na chini ya kirusi 1 katika lita 10,000. Kwa mfano wetu hiyo ni zaidi ya saa 14. Yaani unaendelea kuua muda mrefu baada ya macho yako kukwambia wamekwisha.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu ya karatasi hailioni. Mstari ule unanyooka tu kama kila kirusi kimekutana na dawa. Virusi vikiganda pamoja, au vikijificha ndani ya mabaki ya seli, wale wa katikati hawafikiwi. Anayepika ubwabwa wa watu wengi anajua: juu umeiva, katikati ya donge kuna punje mbichi.

California, Aprili 1955

Donge hilo ndilo lililoleta msiba mkubwa zaidi katika historia ya chanjo mfu. Tarehe 12 Aprili 1955 Marekani ilitangaza kwamba chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyouawa kwa formalini, inafanya kazi. Siku hiyo hiyo viwanda vilipewa leseni. Watu walilia kwa furaha, maana polio ilikuwa inapooza watoto kila kiangazi. Kimoja cha viwanda vile kilikuwa maabara ya Cutter, Berkeley, California. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Aprili, chanjo ya Cutter iliondolewa sokoni. Watoto walikuwa wanapooza, na kupooza kulikuwa kunaanzia kwenye mkono au mguu ule ule uliochomwa sindano.

Watoto zaidi ya 200,000 walikuwa wamepewa chanjo ambayo kirusi hakikuuawa sawasawa. Polio iliyotokana nayo ilifika watu 40,000, wengi wao kwa dalili nyepesi, lakini 200 walibaki na ulemavu wa viwango mbalimbali na 10 walikufa. Kilichotokea kiwandani ni kile nilichoeleza. Mabaki ya seli hayakuchujwa vya kutosha, virusi vikajificha ndani yake, formalini ikapita pembeni, na vipimo vya mwisho vilichota kidogo mno kuweza kuwaona waliobaki.

Sasa angalia kitu ambacho watu wengi wanakiruka wakisimulia habari hii. Chanjo haikuachwa. Iliachwa ya kiwanda kimoja, kanuni zikakazwa, uchujaji ukaongezwa, sampuli za kupimia zikakuzwa, na chanjo mfu ya polio inatumika mpaka leo, hata hapa kwetu watoto wanachomwa kliniki. Waliwezaje kujua ni kiwanda kimoja na si vyote? Kwa sababu kila chupa ilikuwa na namba ya toleo, na kila mtoto aliyechanjwa alikuwa ameandikwa. Wachunguzi wa magonjwa walikaa na madaftari, wakapanga wagonjwa kwa namba za chupa, na jibu likajitokeza ndani ya siku chache. Bila madaftari yale wangepiga marufuku chanjo yote, au wangeacha yote iendelee. Kote kungekuwa na vifo zaidi.

Wewe una daftari la banda? Kwenye daftari hilo kuna namba ya bechi ya chanjo uliyotumia mwezi uliopita? Nikipita kwenye mabanda nakuta hesabu nzuri za chakula na mayai, lakini kwenye chanjo imeandikwa "tumechanja" basi. Siku kuku wakianza kufa hatuna pa kuanzia. Piga picha lebo ya chupa kwa simu yako, ionekane jina, bechi na tarehe ya kuisha muda, kisha andika umechanja kuku wangapi, saa ngapi, na nani alichanja. Dakika moja tu. Bechi ikiwa mbovu utakuwa na ushahidi wa kumrudia muuzaji, na mimi nitakuwa na cha kupeleka juu.

Ulaya na mfuniko wa tangi

Ya California ilikuwa ya watu, sasa turudi kwa ng'ombe. Nchi nyingi za Ulaya Magharibi zilichanja ng'ombe wao kila mwaka dhidi ya miguu na midomo kuanzia miaka ya 1950 na 1960, na ugonjwa ukashuka sana. Bado milipuko midogo ikawa inachomoza huku na kule, bila ng'ombe mgonjwa kutoka nje. Miaka ya 1980 maabara zilipopata uwezo wa kusoma vinasaba, zikalinganisha virusi vya milipuko ile na virusi vya kutengenezea chanjo. Vingi vilikuwa ndugu wa karibu kabisa. Maana yake, sehemu kubwa ya milipuko ile ilitoka kwenye chanjo isiyouawa sawasawa, au ilivuja kutoka viwandani kwenyewe. Amerika Kusini na ya Kati nako kulikuwa na kisa kinachofanana, cha homa ya ubongo ya farasi, ambacho chanjo zake za formalini zilishukiwa na baadaye vinasaba vikathibitisha.

Jibu la wataalamu lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza walibadilisha dawa. Viwanda vya chanjo ya miguu na midomo vikaacha formalini na kuhamia dawa nyingine inayoshambulia vinasaba vya kirusi moja kwa moja, ambayo mstari wake wa kuua hunyooka vizuri zaidi na umbo la nje la kirusi halikazwi. Sehemu ya pili ndiyo naipenda, maana ni akili ya jikoni. Waligundua kwamba matone yanayorukia kwenye mfuniko na shingo ya tangi hayakutani na dawa. Yanakaa pale juu salama, kisha yanadondoka baada ya kazi kwisha. Basi kazi ikifika katikati, mchanganyiko wote unahamishiwa tangi la pili, safi, na kuua kunaendelea humo. Matone ya kwenye mfuniko yanabaki nyuma na tangi la zamani. Hakuna mashine mpya hapo, ni mtu aliyefikiria mfuniko.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa huku kwetu, chanjo ya miguu na midomo utakayouziwa ni mfu, na ikiwa imesajiliwa hofu yako isiwe kwamba italeta ugonjwa. Hofu ya kweli ni nyingine kabisa. Kirusi hiki kina aina nyingi zisizokingana. Hapa Tanzania tunasumbuliwa na O, A, SAT 1 na SAT 2. Chanjo ya aina moja haikusaidii kwa nyingine, na kinga yenyewe ni ya miezi michache, hivyo inarudiwa kama mara mbili kwa mwaka. Muulize afisa mifugo wako chupa hiyo ina aina zipi kabla ya kulipa.

Chanjo iliyotoka msituni Uganda

Kisa kinachotugusa zaidi watu wa bondeni ni cha homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na Daubney, Hudson na Garnham mwaka 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 1944 kirusi chake kilikamatwa ndani ya mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda. Mtafiti mmoja, Kenneth Smithburn, aliyekuwa kwenye taasisi ya utafiti wa homa ya manjano pale Entebbe, akakichukua na kukipitisha mara nyingi kwenye ubongo wa panya mpaka kikalegea. Mwaka 1949 akachapisha matokeo. Hiyo ndiyo chanjo ya Smithburn, chanjo hai iliyodhoofishwa, ambayo Kenya na Afrika Kusini wameitumia kwa miongo mingi.

Ni rahisi kuitengeneza, na dozi moja inatoa kinga ndefu. Lakini kulegea kule hakukukamilika. Kondoo au mbuzi mwenye mimba akichomwa anaweza kutupa mimba, au kuzaa mtoto mwenye kilema. Hiyo haitokani na bechi mbovu wala mwuzaji tapeli. Ndivyo chanjo yenyewe ilivyo, na inajulikana. Kwa hiyo ikaja pia chanjo mfu ya ugonjwa huo huo, salama kwa wenye mimba, lakini dozi moja haitoshi. Inabidi kurudia, kisha kila mwaka. Hapo sasa ndipo unapoona kwamba swali la "hai au mfu" halina jibu moja. Kundi la madume na majike wasio na mimba, Smithburn inafaa. Jike mwenye mimba, subiri azae, au tumia mfu.

Kwa nini nasema inatugusa? Mbu wanaobeba ugonjwa huu wanataga kwenye udongo wenye unyevunyevu, na mayai yanaweza kukaa makavu muda mrefu yakisubiri maji. Mafuriko yakija wanaanguliwa kwa wingi. Mwaka 2007, baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, ugonjwa uliibuka Ngorongoro na kusambaa mikoa mingine, na zaidi ya watu 100 walikufa nchini, achilia mbali mifugo. Ni miaka hiyo hiyo ambapo makundi ya ng'ombe na mbuzi yaliyoondolewa Ihefu na Usangu yalianza kushuka huku Rufiji. Sasa tuna mifugo mingi kwenye bonde linalofurika. Mafuriko ya Aprili 2024 mliyaona wenyewe, Rufiji hata Kibiti. Sisemi ugonjwa ulikuja. Nasema mazingira yake tunayo, na wakati wa kuzungumza na ofisi ya mifugo kuhusu chanjo ni kabla ya masika, maji yakiwa bado hayajapanda.

Tena kuna kosa moja ambalo linaweza kufanywa kwa nia njema kabisa. Mbuzi wanatupa mimba kijijini, mtu anakimbia kununua chanjo, anachukua sindano moja anapiga zizi zima. Katika zizi lile tayari kuna mbuzi wenye kirusi kwenye damu. Sindano inatoka kwa mgonjwa inakwenda kwa mzima, na wewe ndiye umekuwa mbu. Mlipuko ukianza, usichanje mwenyewe. Piga simu. Na kile kitoto kilichotupwa usikishike kwa mikono mitupu wala usimpe mbwa. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mikononi, kizike kwa kina. Huu ugonjwa unampata binadamu kwa damu na majimaji hayo, na mnyama mgonjwa asichinjwe kwa kuokoa nyama.

Mdondo: kirusi ambacho hakikuhitaji kuuawa

Sasa kuku. Chanjo inayotumika sana hapa kwetu dhidi ya mdondo ni ile ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Wengi mnaijua kwa jina la TEMEVAC. Kirusi chake kilipatikana Australia, kwa kuku, na Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland ndiye aliyekichagua miongoni mwa vingi kwa sababu mbili: ni kipole chenyewe, hakiumizi hata kifaranga, na kinastahimili joto kuliko wenzake. Kikatolewa kwa nchi zetu bila kudai malipo ya hataza. Hapa hakuna formalini, hakuna mfuniko wa tangi. Ni chanjo hai, na yule aliyekwambia chanjo hai inaleta mdondo anaongea kuhusu kirusi kingine.

Lakini angalia kinachotokea: kule kiwandani shida ilikuwa kirusi kinachogoma kufa, na kwako shida ni kirusi kinachokufa kabla ya kazi. Chanjo hai iliyokufa njiani haigeuki kuwa chanjo mfu. Haina wingi wala viungo vya kuamsha kinga kama ile iliyotengenezwa iwe mfu. Ni maji tu. Na huwezi kuitofautisha kwa macho. Rangi ile ile, lebo ile ile.

Nani anaiua? Jua la kwenye bodaboda kutoka Kibiti mjini, chupa ikiwa mfukoni mwa suruali. Kiti cha mbele cha gari lililoegeshwa. Kustahimili joto si kutokufa. I-2 inavumilia nje ya friji kwa muda, ikiwa kivulini na imezungushiwa kitambaa kilicholowa, haivumilii dirisha la basi. Kwenye friji iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ukishaichanganya, tumia siku hiyo hiyo, inayobaki imwage.

Klorini ndiyo muuaji wa kimyakimya. Mtu anachanja kwa maji ya kunywa, na maji yenyewe ameyatia dawa ya kusafishia au ndoo ameisugua kwa jiki asubuhi ile. Kile kinachoua vijidudu vya kipindupindu kinaua na chanjo yako pia. Tumia maji ya kisima au ya mvua yasiyotiwa dawa, vyombo vya plastiki vilivyosuuzwa kwa maji matupu, na ukiweza changanya kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa lita, yasaidie kumlinda kirusi. Ila ukiniuliza mimi, kwa kuku 600 kaa na wenzako wawili jioni moja mtie tone moja moja jichoni. Ni kazi, ndiyo, lakini una uhakika kila kuku kapata. Kwenye maji wanyonge wanasukumwa na wababe, hawanywi. Rudia kila miezi 3.

Wa visiwani, mnaopandia boti Nyamisati, barafu ya samaki inafaa kubebea chanjo, lakini chupa isigusane na barafu, na kama barafu imetiwa chumvi kuwa mwangalifu zaidi, maana hiyo hushuka chini ya nyuzi sifuri. Zile chanjo mfu za mafuta zikiganda zimeharibika moja kwa moja, hata zikiyeyuka tena usizitumie.

Halafu kuna malalamiko ambayo nayaheshimu: "Nilichanja Jumatatu, Alhamisi kuku wakaanza kufa." Mdondo unakaa ndani ya kuku siku 2 hadi 15 kabla ya kuonekana, mara nyingi 5 au 6, na kinga ya chanjo inachukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Waliokufa Alhamisi walikuwa wameshaambukizwa Jumatatu, mara nyingi kwa sababu mfugaji alichanja baada ya kusikia kwa jirani wanakufa. Chanjo haiponyi aliyekwisha kuugua. Inawezekana pia chupa ilikuwa mbovu, sikatai. Hapo ndipo picha ya lebo inapotuambia, maana wenzako wa bechi hiyo hiyo tutawauliza. Mwarobaini na pilipili kwenye maji havimfundishi kuku kumtambua kirusi, kwa hiyo havikai mahali pa chanjo hata kidogo.

Wenye kuku wa mayai mtakutana na zote mbili: chanjo hai ukubwani mwa vifaranga, kisha ile mfu ya mafuta kwa sindano kabla hawajaanza kutaga. Hii ya mafuta inaheshimiwa kwa sababu ambayo haina uhusiano na kuku. Ikikuchoma wewe kidoleni, hata kama ni tone na hata kama tundu halionekani, mafuta yale yanaweza kuziba damu na kidole kikaoza. Usingoje kivimbe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na chukua chupa umwonyeshe daktari, mwambie wazi ni chanjo yenye mafuta. Na ile hai ya matone, ikikurukia jichoni itakuwashia jicho jekundu kwa siku kadhaa. Nawa mikono kabla ya kujigusa uso.

Dukani uliza vitu vitatu tu kabla ya kutoa hela: imesajiliwa na TMDA, inaisha muda lini, na ilikuwa friji gani wakati umeme ulipokatika juzi. Hilo la tatu wengi wanacheka, kisha wanajibu wakitazama pembeni. Kwa upande wangu, mwaka 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa, na kuku, mbuzi, kondoo na ng'ombe wote wamo. Wenye mifugo Mtawanya ambao bado hamjaandikisha idadi, leteni namba ofisini, na mje na madaftari yenu tuyapitie pamoja.